Viazi vya Okidi katika Uwanda wa Kitulo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Huenda wengine wakastaajabu kwamba katika mkutano wa makarani twasema habari za maua ya porini. Lakini kazi yetu ni hesabu na maandiko, na jambo hili lina hesabu yake.

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania uko uwanda wa Kitulo, kiasi cha meta 2,600 juu ya bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Huko huota okidi za namna nyingi, na katika nyanda hizo zimo namna zisizopatikana penginepo duniani. Chini ya ardhi zina viazi vidogo. Viazi hivyo huchimbwa, hukaushwa na kutwangwa. Unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi, kisha hupikwa hata ukashikana na kuweza kukatwa vipande. Chakula hicho ndicho chikanda, na walaji wake wengi wako Zambia. Kilipopendwa mijini, okidi za huko zikapungua, nao wafanyaji biashara wakavuka mpaka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulikisia kuwa viazi zaidi ya milioni 2 vya Tanzania huliwa Zambia kila mwaka.

Je, mmea huu waweza kuvumilia kuchimbwa hivyo? Uzito wa magunia peke yake hautupi jibu. Yatupasa kuuliza mambo manne.

La kwanza ni sehemu ichukuliwayo. Mwenye kuchuma ukwaju huuacha mti umesimama. Mwenye kubandua gome upande mmoja tu, mti wake waweza kupona. Lakini okidi hizi aghalabu huwa na viazi viwili: cha zamani, kilicholisha shina la mwaka huu, na kipya, kilicho akiba ya mwaka ujao. Sokoni hutakiwa kile kipya kilichojaa. Cha zamani kimekwisha kunywea. Basi mchimbaji huondoka na akiba yenyewe.

La pili ni upesi wa kurudi. Mbegu za okidi ni kama vumbi, wala hazina chakula ndani yake. Haziwezi kuota pasipo kuvu fulani wa udongoni, na mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua.

La tatu ni upana wa makao yake. Namna iliyoenea mbali ina pa kusalia. Iliyo katika bonde moja haina. Navyo viazi vikiisha kutiwa guniani, bila jani wala ua, ni vigumu kuvitambua, hata namna adimu ikauzwa pamoja na ya kawaida.

La nne ni mwendo wa mchimbaji. Ikiwa mwaka jana alichimba karibu na kijiji, na mwaka huu analala njiani, basi mabonde ya karibu yamekwisha.

Sheria zipo. Okidi zote zimo katika mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yaliyoanza kutumika mwaka 1975, na haifai kuzivusha mpaka bila hati. Kitulo nayo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Lakini okidi nyingi huota nje ya hifadhi, na wachimbaji wengi ni maskini watafutao fedha ya chumvi na ya sare za watoto. Kuwafukuza bila kuwatafutia pato jingine hakutadumu.

Hapa ndipo ilipo sehemu yetu. Karani akiandika katika daftari neno "viazi" tu, amewasitiri wachuuzi bila kukusudia, naye afisa atakayelisoma hataona hatari yoyote. Na aulize: ni viazi vya mmea gani, vimetoka bonde gani, na mchimbaji alitembea siku ngapi? Kisha aandike majibu yote pamoja na tarehe, ili mwaka ujao pawe na kitu cha kulinganisha.