Nguvu Zikipungua, Kazi Haikomi
(Hotuba kwa walimu na walezi wa vijana)



Nimeombwa niseme habari za malezi ya vijana, nami nimechagua kusema habari za mpira wa miguu. Msidhani ni jambo dogo. Jua likipungua, vijana wetu wako kiwanjani. Na walipo vijana, ndipo mwalimu apaswapo kuwapo. Basi nitawaeleza safari ya mtu mmoja aliyeishi kwa mpira, kisha akawa mwalimu wa watoto.

Mtu huyu ni Emmanuel Amunike, Mnijeria, aliyezaliwa mwaka 1970. Alianza kucheza kwao, akaenda Zamalek ya Misri, kisha Sporting ya Ureno, na mwishoni mwa mwaka 1996 akaingia Barcelona ya Hispania. Mwaka 1994 Nijeria ilitwaa Kombe la Afrika huko Tunis kwa kuishinda Zambia mabao 2 kwa 1, na mabao yote mawili aliyafunga yeye. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Mwaka 1996, katika michezo ya Olimpiki huko Marekani, alifunga bao la ushindi dhidi ya Argentina, na Nijeria ikapata nishani ya dhahabu.

Lakini sifa za miguu zina mwisho wake. Alipokuwa Barcelona aliumia goti, tena vibaya; akakosa Kombe la Dunia la mwaka 1998, wala hakurudia tena nguvu zake za kwanza. Hapo alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Katika kazi nyingine mtu wa umri huo ndiyo kwanza anaanza. Katika mpira huhesabiwa kuwa amekwisha kuwa mzee.

Ninyi wakulima wa bonde la Rufiji mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mafuriko yakishuka, maji yameondoka, lakini yameacha tope lenye rutuba. Hapo ndipo watu hupanda mlau. Asiyepanda kwa wakati wake, ardhi hukauka mbele ya macho yake. Ndivyo ilivyo kwa nguvu za mchezaji. Zikishuka huacha maarifa, na maarifa hayo hayana budi kupandwa kwa watoto, la sivyo hukauka pamoja na mwenyewe.

Amunike alikubali kuyapanda. Wala hakudhani kwamba aliyejua kucheza amekwisha kujua kufundisha, maana kazi hizi ni mbili. Mwaka 2013 alikuwa msaidizi tu wa mwalimu Manu Garba, walipowaongoza vijana wa Nijeria wasiozidi miaka 17 hata wakatwaa Kombe la Dunia la umri huo katika Falme za Kiarabu. Mtu aliyekuwa bora wa Afrika nzima alikubali kusimama nyuma ya mwenzake.

Kisha akapewa kikosi kipya. Mapema mwaka 2015, katika mashindano ya Afrika huko Niger, vijana wake walishika nafasi ya 4. Miezi michache baadaye walikwenda Chile kwa Kombe la Dunia, wakawafunga Brazil mabao 3 kwa 0, na katika mchezo wa mwisho wakawashinda Mali mabao 2 kwa 0. Mmoja wao alikuwa Victor Osimhen, kijana wa Lagos aliyewahi kuuza maji barabarani kati ya magari. Alifunga mabao 10 katika mashindano hayo, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa Afrika, kama alivyokuwa mwalimu wake miaka 29 kabla yake.

Sasa tazameni habari zetu wenyewe. Mwezi Agosti 2018 Amunike alikuja kuifundisha Taifa Stars. Mara aliwaacha wachezaji kadhaa wenye majina makubwa kwa kuwa walichelewa kufika kambini. Tarehe 24 Machi 2019, jijini Dar es Salaam, timu yetu iliishinda Uganda mabao 3 kwa 0, ikaingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini huko Misri tulishindwa na Senegali, na Kenya, na Algeria. Na mwezi Julai mwalimu akaachana nasi.

Sisemi haya ili nimlaumu mtu. Nasema ili tuulizane: je, kijana afundishwe lini? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wa watu wazima hupokea alichokuta. Ya kuwahi, ya kutii, ya kumpa mwenzako mpira, hujifunzwa utotoni. Nao watoto wa Salale, Mbwera na Kibiti mjini hawatajifunza haya jijini. Watajifunza hapa, au hawatajifunza.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, tafuteni katika kila kijiji mtu aliyecheza zamani, ambaye leo huketi kando ya kiwanja akitazama tu; mwambieni kwamba kazi yake haijaisha. Pili, mpeni nafasi ya kujifunza kufundisha, kwanza chini ya mwingine, naye asione haya. Tatu, msimpime kwa vikombe. Vijana walioshika nafasi ya 4 Niger ndio waliotwaa kombe Chile mwaka uleule. Kama mwalimu wao angalifukuzwa katikati, tusingalijua walikuwa watu wa namna gani.

Wengi wa watoto wetu hawatacheza Ulaya, wala haidhuru. Watakuwa wavuvi, wakulima, walimu, mama na baba za watu. Lakini aliyezoezwa kushindwa bila hasira, na kushinda bila majivuno, atakuwa mtu wa kufaa popote atakapokuwa. Kwa kazi hiyo tunao wenye maarifa hapa hapa Rufiji na Kibiti. Twendeni tukawaite, rutuba ingalipo.