Mkaa Uwe Kwenye Ndoo

Msikilizaji, ukikutana na mtu mwenye meno ya rangi ya kahawia, usikimbilie kusema hapigi mswaki. Muulize kwanza amekulia wapi. Akikujibu Maji ya Chai, kule Arumeru, huna haja ya swali la pili.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi kila nikifungua simu namwona mtu akisugua meno kwa mkaa. Mwingine kakamulia limau kwenye bekin soda. Wanaikwepa peroksaidi ya kung'arishia meno, ile dawa inayotoa povu ukiimwagia kidonda, maana huwatia meno ganzi. Kuikwepa si kosa. Lakini limau nalo ni asidi, linamumunyua jino. Mkaa unakwangua. Gamba la nje likiisha halioti tena, na chini yake kuna tabaka la manjano. Yaani unasugua upate weupe, unaufukua umanjano!

Doa la chai, kahawa au mirungi hukaa juujuu. Hilo bekin soda peke yake, bila limau, inalipunguza. Na mti wa mswaki, uliotupa hata jina la hii brashi ya dukani, unalisugua vizuri tu.

La Arumeru ni jingine. Hilo ni floraidi, iliyomwingia mtoto kwa maji ya kunywa wakati jino lingali ndani ya fizi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo maji maangavu yasikudanganye. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; chini ya Mlima Meru zipo chemchemi zinazopita hapo mara kadhaa. Na magadi tunayolainishia makande, mengine yanaongezea. Jino likishatoka hivyo, hata usugue gunia zima la mkaa, doa liko palepale.

Mkaa ninaoukubali mimi ni wa mifupa ya ng'ombe. Pale Ngurdoto, kulekule Arumeru, wataalamu wa maji huichoma mifupa, wakaivunja chengachenga na kuijaza kwenye ndoo ya kuchujia. Maji yakipita, floraidi inanaswa. Mkaa ukichoka, hubadilishwa.

Mama wa Usa River, jirani na hapo, huyo wa miaka miwili uliyempakata mpe maji ya ndoo hiyo, au ya mvua uliyokinga. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi.