Kambale yupi?

Ita "Kambale!" katikati ya soko la Butembo, mashariki mwa Kongo, uone vichwa vitakavyogeuka. Kwa Wanande, Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Karani mgeni hapo hupata taabu kweli. Mama muuza vitenge, yeye, huuliza tu: Kambale wa nani, wa komini gani, Kimemi au Bulengera? Akishajibiwa, deni la huyo Kambale halimtoki kichwani, hata daftari likibaki nyumbani.

Si kwamba mama huyo ana akili za ajabu. Anajua watu na koo zao, basi kila jambo jipya hulitundika hapo. Mpe namba za simu kumi zisizo na wenyewe, atashika mbili.

Jambo hili lilipimwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Anders Ericsson na wenzake walimpata mwanafunzi wa kawaida aliyeweza kurudia tarakimu 7 alizosomewa mfululizo. Baada ya mazoezi ya saa 230 hivi, alifika 79, na matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Kijana huyo alikuwa mkimbiaji. Akisikia 3492, kwake ni dakika 3 na sekunde 49.2, karibu na rekodi ya dunia ya maili moja wakati ule. Walipomsomea herufi badala ya tarakimu, akarudi kwenye 6 hivi, kama jirani yake yeyote.

Ndiyo maana semina zinazowafundisha wafanyakazi wote mbinu moja ya kukumbuka, kwa maoni ya mwandishi huyu, hula pesa bure. Dereva wa taxi-moto wa Beni anajua barabara: na ayapange maagizo ya wateja kwa njia anayopita, dawa Beu, unga Bungulu, barua Mulekera. Vivyo hivyo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila aliyekutana na mgonjwa alitakiwa kuorodheshwa na kufuatiliwa siku 21. Katika mji wenye akina Kambale tele, anayezijua familia za mtaa ana pa kuanzia.

Wengine nguvu yao iko mkononi: hukumbuka kwa kuandika. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin, mwanajiolojia Mbelgiji, alichimbua mfupa huko Ishango, Semliki inapotoka katika Ziwa Edouard, wilaya ya Beni. Umechanjwa mikato katika safu tatu, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wataalamu bado wanabishana: ni hesabu, au ni kalenda ya mwezi? Iwe hesabu au kalenda, aliyeuchanja hakutegemea kichwa peke yake, na bosi anayemcheka karani wake kwa kuandika kila kitu kwenye kijitabu angefaa aonyeshwe picha ya mfupa huo.