Kodi ya Nyumba: Hesabu Niliyoikosea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya mjini. Nimechagua kodi ya nyumba, kwani bwenini hatukuifikiria hata siku moja, na kumbe ndilo jambo la kwanza linalomkabili kijana aliyepata kazi.

Watu hupenda kulinganisha miji kwa bei ya mwezi. Huyu husema Nairobi ni ghali, yule husema Kampala kuna nafuu. Kwanza wajihadhari na hilo neno shilingi. Tangu mwaka 1966, nchi zetu tatu zilipoanza kutoa fedha zake zenyewe, shilingi hizo zinashirikiana jina tu. Lakini hata ukizibadili zote ziwe za nchi moja, bado hujauliza swali lenyewe: siku ya kwanza utadaiwa miezi mingapi?

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ila Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu baada ya tangazo la mwaka 2016. Zamu yangu ilifika 2017. Dar es Salaam nilikuwa nikilipa shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa miezi sita sita. Dalali wa Dodoma akaniambia kuna nyumba ya 150,000. Nikamwambia mke wangu, kwa furaha kabisa, kwamba tumepata ahueni.

Nilipofika, mwenye nyumba alitaka mwaka mzima. Wageni tulikuwa wengi, nyumba chache, naye alijua. Miezi kumi na miwili ni 1,800,000. Dalali naye akadai kodi ya mwezi mmoja, jumla 1,950,000 kabla sijanunua hata ndoo. Kule Dar es Salaam nilikuwa nimeacha miezi minne niliyokwisha kuilipia, na mwenye nyumba hakunirudishia hata senti. Kwa hiyo mji uliokuwa rahisi kwa mwezi ulinitaka fedha nyingi zaidi kwa siku moja. Nilikuwa na kiwanja Kibaha, nilichokinunua kwa akiba ya miaka sita. Nilikiuza kwa haraka, na mwenye haraka hapangi bei. Mpaka leo mimi ni mpangaji.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Nairobi kwa mafunzo mafupi. Mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa amepanga chumba kimoja chenye choo na pembe ya kupikia, wenyewe hukiita bedsita. Kwa mwezi alilipa zaidi yangu, tena sana. Lakini aliingia kwa miezi miwili tu, mmoja wa kodi na mmoja wa amana, kisha akawa analipa kila mwezi mshahara ukitoka. Mshahara huja kwa mwezi. Kwa nini kodi ije kwa mwaka?

Juu ya sheria nitasema kwa adabu, maana mimi ni mtumishi wa Serikali. Kenya ina sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, lakini inahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 za huko kwa mwezi, na Nairobi ya leo nyumba za namna hiyo ni chache mno. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2022 inayozuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sisi tulikuwa na sheria ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji anasimama na mkataba wake tu, kama anao. Wengi hawana, wana risiti ya daftari.

Basi, vijana wa kidato cha sita, mkipangiwa kazi mji msioujua, ulizeni miezi, ulizeni maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani, kisha ndipo muulize bei. Na mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako.

Nitakuwapo hapa hadi kesho adhuhuri. Aliyepata barua ya kazi na aje nayo, tukae chini ya mwembe tupige hesabu.