Maji ya Bomba la Chumbageni Yana Wenyewe

(Mazungumzo na vijana barazani Chumbageni, Tanga. Yameandikwa kama yalivyosemwa. Msomaji wetu, sogeza kiti, jihesabu nawe ulikuwapo.)

 

Leo nazungumza habari ya ardhi. Najua wengine mmeshaanza kuangalia saa. Kijana wa mjini ukimtajia ardhi anaona unampotezea muda, maana ardhi yake yeye ni chumba cha kupanga na pembe ya ukuta ya kuegeshea baiskeli. Ardhi ni mambo ya wazee wa shamba! Subiri kidogo, kaka. Fungua hilo bomba hapo nje, kinga maji kwenye kikombe, kisha jiulize yametoka wapi.

Yametoka Mabayani, kwenye bwawa. Bwawa linajazwa na mto Zigi. Nao Zigi unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, kule Amani, juu ya Muheza. Msitu ule ndio unaonyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo, ili kiangazi kikikaza wewe upate maji ya kuoga kabla hujaenda mjini kutafuta riziki. Siku msitu ule ukiisha, Chumbageni, Ngamiani na Makorora wote tutapanga foleni ya ndoo, tajiri na mlalahoi.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuwaambia msitu ukatwe. Nimekuja kuuliza swali moja ambalo wakubwa hawapendi liulizwe: MSITU HUO NI WA NANI, na ni nani aliyeulipia?

Kwanza kumbukeni historia, maana sisi Watanzania tunasahau haraka. Amani ile ile, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1892, bwana mkubwa mmoja wa Kijerumani aliyetawala huku, Saint Paul, alichuma ua dogo la zambarau akalipeleka kwao. Leo ua hilo lipo kwenye madirisha ya akina mama duniani kote, na jina la kitaalamu lililojulikana nalo kwa miaka mingi linamtaja yeye. Mbondei na Msambaa waliolijua ua lile kabla yake hawakupata hata ndururu. Hayo yamepita.

Ukaja uhuru, tukadhani mambo yamekwisha. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikuwa yanashuka milimani kuja kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills hapa hapa Tanga. Nani alisaidia fedha na mitambo? Msaada wa Finland. Kelele zikawa nyingi kwamba msitu unakwisha, ukataji ule ukasimamishwa. Mwaka 1991 hivi ukaja mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji Usambara Mashariki. Nani alisaidia fedha? Finland. Yaani aliyenunua msumeno ndiye akanunua na bango la USIKATE MITI. Simlaumu Mfini, angalau alijirudi. Nawaonyesha tu kwamba katika zamu zote mbili, ya kukata na ya kutunza, mwanakijiji alikuwa mtazamaji.

Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Sawa. Lakini wataalamu wakasema msitu huo na misitu mingine midogo ya jirani lazima viunganishwe, ili wanyama na mbegu zipite. Katikati ya njia hiyo palikuwa na Derema.

Derema haikuwa ardhi ya serikali. Ilikuwa msitu wa vijiji, na chini ya miti ile mikubwa wananchi walilima iliki. Wewe unayekunywa chai ya viungo kibarazani jioni, iliki ile ndiyo ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba, mahari ya kijana. Ni zao la ajabu, linataka kivuli na baridi. Mkulima hafyeki msitu wote, anapunguza chini tu. Wataalamu walisema hata huko kupunguza kunaua msitu polepole, kwa sababu miti michanga haikui. Inawezekana wana haki. Mimi si bwana misitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja watu wa kuhesabu. Walihesabu mashina! Shina la iliki kiasi hiki, shina la mdalasini kiasi hiki. Zaidi ya wakulima 1,000 wa vijiji vitano waliandikwa. Angalieni hapo penye ujanja. Kilicholipwa ni ZAO. Ardhi yenyewe, ambayo mtu alirithi kwa babu yake na angemrithisha mwanawe, haikuwa na bei kwenye karatasi ile. Halafu wakalipwa kidogo kwanza, wakaambiwa wasiguse mashamba, fedha kubwa zikasubiriwa miaka, mpaka Benki ya Dunia na serikali walipojazia. Hebu fikiria, umefungiwa genge lako leo, unaambiwa malipo yako yanakuja baada ya miaka mitatu. Utakula nini?

Wakaahidiwa pia ardhi nyingine, huko chini kwenye shamba la zamani la mkonge la Kibaranga. Jamani! Mtu wa mlimani, mkulima wa iliki, unampeleka kwenye jua la mkonge. Iliki haioti pale. Ni kama kumwambia mvuvi wa Sahare kwamba bahari yake imechukuliwa, lakini asihofu, amepewa bahari nyingine Dodoma.

Wengine mtasema: haya, walilipwa, yamekwisha. Basi twendeni pwani, kusini ya Pangani.

Saadani ni kijiji cha siku nyingi, na Uvinje ni kitongoji chake cha wavuvi. Watu wa Uvinje wanasema hivi, na wamelisema kwa miaka: katika miaka ya 1960 wazee wao wenyewe ndio walioafiki kutenga pori kwa ajili ya wanyama. Waliafiki kwa hiari, kwa sharti kwamba nyumba zao na pwani yao vibaki vyao. Mwaka 2005 pori la akiba likapandishwa cheo kuwa Hifadhi ya Taifa. Kitongoji kikajikuta kipo NDANI ya mpaka. Ghafla mwenye nyumba akaitwa mvamizi. Wenye mamlaka wana ramani yao, wananchi wana kumbukumbu ya wazee. Na ninyi mnajua kwenye ofisi ya serikali kipi kinashinda, ramani au mzee.

Kosa la wazee wale si kutoa pori. Walitoa kwa moyo mweupe. Walitoa kwa mdomo, na ardhi waliyoitoa haikubaki na jina lao. Ikiisha kuwa ya hifadhi ya serikali, kuipanua ni kalamu ya Dar es Salaam au Dodoma, na kuirudisha ni muujiza.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana njia nyingine ipo.

Huko Babati kuna msitu unaitwa Duru-Haitemba, wa miombo, umezungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliutaka uwe wake, wapima ardhi wakaanza kufyeka mpaka. Wananchi wakakataa. Tena hawakukataa hifadhi! Walisema: mnataka msitu utunzwe? Tutautunza sisi. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vikachagua kamati zao, vikaandika sheria zao ndogo, vikateua vijana wao wa doria wasiolipwa hata senti na hazina. Mgambo wa serikali aliyekuwa ameshindwa na msitu ule peke yake akapumzika, na msitu ukapona. Mambo yale ya Babati ndiyo yaliyofungua njia ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo sasa inatambua kitu kinaitwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji.

Shikeni maneno hayo, msitu wa hifadhi WA ARDHI YA KIJIJI. Msitu unatengwa, hakuna kulima, hakuna kuchoma mkaa, na unaweza kubaki hivyo vizazi na vizazi. Lakini ardhi inabaki ya kijiji. Faini ya mwizi wa magogo inaingia kijijini. Kule Kilwa kijiji cha Nanjirinji kimeuza mbao zake kwa mpango, kwa hesabu ya miti, na kikajenga majengo yake kwa fedha hizo bila kumpigia mtu magoti. Hata huku kwetu Usambara, kijiji cha Mgambo kilitenga msitu wake wa Handei.

Kwa nini basi njia hii si ndiyo inayopigiwa debe? Kwa sababu haina ulaji mkubwa kwa wa juu. Tume ya Profesa Shivji iliyoteuliwa mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima, ikapendekeza ardhi ya kijiji imilikiwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji wenyewe. Serikali ikakataa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaandika kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Na nani anayeamua manufaa ya umma ni nini? Nadhani jibu mnalo.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ina meno machache, na wengi wetu hatujui yapo. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anaamua Waziri, lakini lazima kwanza azingatie mapendekezo ya mkutano huo. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia iwe imekubaliwa: ya aina gani, kiasi gani, italipwa vipi na lini. Hilo neno LINI watu wa Derema walilihitaji sana.

Ndiyo maana nimekuja kwenu ninyi wa mjini. Tazameni humu barazani. Wewe baba yako Muheza. Wewe mama yako Pangani. Wewe bibi yako Handeni, na huko Msomera mnajua yaliyotokea tangu Juni 2022, watu wa Ngorongoro wakaletwa na kujengewa nyumba kwenye nchi ambayo haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe na ng'ombe wao. Huo ndio mchezo: hifadhi ikimsukuma mtu kule, anaangukia shamba la mwenzake huku.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiitwa, wewe upo hapa unabishana Coastal na African Sports. Kule wamekaa wazee kumi na mwenyekiti, limekuja gari la mradi, zimegawiwa soda na posho, karatasi ya mahudhurio imezungushwa watu waweke saini. Wiki mbili baadaye karatasi ile ile ya mahudhurio imebandikwa nyuma ya muhtasari unaosema kijiji kimeridhia. Mchezo huo unachezeka kirahisi mahali ambapo hakuna hata mmoja anayeomba kusoma muhtasari. Na wewe uliyemaliza fomu foo, unayesoma gazeti hili kuanzia jina mpaka michezo, ndiye uliyetakiwa kuuomba.

Kuna jingine, nalo linatuuma sisi wenyewe wa Tanga. Mwaka 2004 sheria ya mazingira ilikataza kulima ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima wa Kihuhwi na Zigi ambaye shamba lake zima lina upana wa meta 60 alitakiwa aliache ili wewe upate maji safi. Wapo waliokubali, wakaunda vikundi, wakapanda miti kingoni. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji hapa Tanga iliuza hatifungani ya kijani, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 za kupanua huduma. Waliokopesha watapata faida yao kila mwaka, ni haki yao. Mimi nauliza tu, kwenye bili unayolipa kila mwezi, yule aliyeacha meta zake 60 analipwa shilingi ngapi? Ulizeni dirishani mnapokwenda kulipa. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Kijana mmoja pale nyuma alinikatiza, akaniuliza: "Sasa kaka, unataka tufanye nini, tuandamane?" Nikamwambia hapana, mdogo wangu, nauli ya Muheza ni ndogo kuliko gharama ya maandamano. Nenda kwa baba yako. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa. Uliza kama kuna msitu uliotengwa, na kwenye karatasi umeandikwa wa kijiji au wa serikali kuu. Omba muhtasari wa mkutano wa mwisho, usome mpaka kwenye saini, uangalie kama jina la babu yako aliyefariki nalo limo. Kisha njoo Jumapili ijayo, saa kumi, baraza hili hili, utueleze ulichokuta.