Jina na Kitu: Mantiki ya Zama za Kati Kando ya Ziwa

Neno mantiki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako shina lake lahusu kunena. Asili hiyo yadokeza swali la kale: mtu anapotamka jina la jumla, hutaja kitu gani?

Wanamantiki wa Ulaya ya zama za kati, waliorithi mafundisho ya Aristotle kupitia Boethius na pia wanazuoni kama Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037), walilijadili swali hilo kwa kina. Roger Bacon, katika Opus Majus (1267), alishikilia kwamba hoja huweza kufikia hitimisho, lakini shaka haiondoki mpaka tajiriba ithibitishe. William wa Ockham (aliyefariki mwaka 1347) alifundisha kwamba kilichopo ni kitu kimoja kimoja. Ujumla ni sifa ya ishara, akilini na katika maneno. Ockham hakuwa Locke. Hata hivyo, kama ujumla haumo katika vitu, basi vitu havina budi kuchunguzwa kimoja kimoja. Hapo ndipo falsafa ya tajiriba ilipopata mojawapo ya mizizi yake.

Mkoa wa Mara unatoa mfano ulio wazi. Wavuvi wa Musoma, na wa Bunda upande wa Ghuba ya Speke, wana jina furu. Wataalamu wamekadiria kwamba jina hilo moja lilibeba spishi zaidi ya 500 za Ziwa Viktoria. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Neno furu halikupungua hata herufi moja. Anayesema, "Furu wangali wapo, kwa hiyo hawakupotea," anatoka kwa baadhi kwenda kwa wote: kosa ambalo Ockham angelitambua mara moja.

Kosa la namna hiyo huwapata hata wanadamu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama (1922), alipokuwa Makerere kati ya 1943 na 1945 aliandika insha iliyotumia hoja za John Stuart Mill kuhusu hali ya wanawake wa Kizanaki. Mill alikuwa amedai, mwaka 1869, kwamba maumbile ya mwanamke hayawezi kujulikana maadamu ameonekana katika hali ya kutawaliwa tu. Jina "mwanamke" lilikuwa limepewa maana kabla ya ushahidi.

Kwa mtunga kamusi, funzo ni moja: fasili ianzie wavuni, si katika fasili iliyotangulia.