MARANDO YASITUISHIE KIANGAZI: TUYAOTESHE MIZIZI KATIKA CHUPA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wana kisomo, baada ya mavuno ya viazi)



Leo nataka tuzungumze juu ya marando ya viazi vitamu. Najua wengine mnasema moyoni, "Huyu naye atatufundisha viazi sisi Wasukuma?" Hapana. Viazi mnavijua kuliko mimi. Michembe na matobolwa mmekausha tangu enzi za mababu. Mimi nina jambo moja dogo tu: namna ya kuyaweka marando hai nyumbani wakati wa kiangazi, kwa chupa na maji kidogo, bila kununua kitu.

Shida yenyewe mnaijua. Viazi vikishavunwa, marando yanabaki shambani. Juni mvua imekwisha. Julai ng'ombe na mbuzi wanaachiliwa mashambani wale mabua, nao hawachagui. Agosti na Septemba jua linamaliza yaliyobaki. Mvua ikinyesha Oktoba au Novemba, nani ana marando? Ni yule mwenye shamba bondeni karibu na maji. Sisi wengine tunakwenda kwake na fedha mkononi, tena tunangoja zamu. Au tunasubiri viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue vyenyewe, na huko mvua inaendelea kupita. Na miezi yote hiyo watoto hawajaonja matembele.

Wapo pia waliogawiwa marando ya viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, kama Kabode na Ejumula. Viazi hivi vina vitamini A nyingi, nayo humlinda mtoto macho yake na afya yake. Viazi vyetu vyeupe havina vitamini hiyo kwa kiasi kama hicho. Mwaka 2016 mtaalamu Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na kazi ya viazi hivi ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Sasa, mtu akipoteza mbegu ya namna hii katika kiangazi kimoja, ataipata kwa nani? Jirani naye ana vyeupe. Kwa hiyo anayeanza kuhifadhi aanze na hii.

Hebu chukueni rando mlitazame. Mnaona hapa jani linapoungana na shina? Pana uvimbe mdogo. Hapo panaitwa kifundo. Mizizi hutokea hapo kwenye vifundo. Rando likitambaa ardhini baada ya mvua, si hutoa vijizizi vyeupe njiani? Ndivyo hivyo hivyo litakavyofanya ndani ya maji. Uwezo wa kuota limezaliwa nao. Linachotaka ni unyevu, hewa, na kivuli kidogo.

Kazi ya kwanza ni kuchagua, na hapa msiwe na haraka. Kata marando asubuhi na mapema, kabla jua halijayachosha. Kata upande wa nchani, sehemu change, kiasi cha sentimita 30. Ukiwa na rula ya mtoto wa shule, urefu wake mzima ndio huo. Usichukue sehemu ya chini karibu na shina la zamani. Huko fukusi wa viazi hutaga mayai yake, nawe utawabeba hadi nyumbani na kuwapanda pamoja na mbegu.

Halafu tazama majani. Kama ni madogo kuliko kawaida, yamejikunja, yana manjano, na mmea umedumaa, huo ni ugonjwa wa virusi. Hubebwa na inzi weupe na vidukari, na hubebwa na sisi wenyewe tunapokata marando mabaya na kugawiana. Maji hayauponyi. Wala dawa ya kupulizia haiuponyi. Rando la namna hiyo litaota mizizi vizuri tu, likakudanganya, kisha likazaa viazi vichache vidogo. Mmea wenye dalili hizo uache, hata kama ndio ulio karibu na njia.

Ukishapata marando yako, tuseme kumi, tafuta chupa tatu za nusu lita. Chupa ya maji iliyotupwa inafaa, kopo linafaa, hata kibuyu. Lakini chupa au kopo lililokuwa na dawa ya pamba, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au sumu yoyote ya wadudu, HAPANA. Hata ukiliosha mara kumi. Baadaye tutakula matembele ya marando haya, na watoto watazichezea chupa hizi. Kopo la sumu halina kazi ya pili nyumbani.

Weka maji safi ya kisima au ya mvua hadi nusu ya chupa. Ng'oa majani yote yatakayokuwa chini ya maji, maana jani likizama huoza, na uozo hula shina. Vifundo viwili au vitatu viwe ndani ya maji. Juu acha majani machache tu ya nchani, kwa sababu kila jani hunywa, na rando bado halina mizizi ya kuleta maji. Angalia pia usiligeuze juu chini. Ncha iwe juu.

Chupa ziwekwe barazani au karibu na dirisha, mahali penye mwanga lakini jua kali lisipige. Zifunge karatasi au kitambaa kwa nje. Chupa nyeupe ikipigwa na mwanga hufanya maji kuwa ya kijani. Na mbuzi wasifikie! Msitie sukari wala mbolea. Sukari huleta uozo, na mbolea ya chumvichumvi kwa rando lisilo na mizizi huweza kuliunguza.

Maji mbadilishe kila baada ya siku mbili au tatu. Nasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mizizi nayo huvuta hewa. Maji yaliyokaa sana yamekwisha hewa, na shina huanza kuwa laini na kunuka. Ya pili ni mbu. Yupo mbu anayependa maji safi kidogo katika vyombo vya nyumbani, na huuma mchana. Huyo ndiye anayeeneza homa ya dengi, ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai yake huyagandisha ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki. Sugua chupa ndani kwa kijiti chenye kitambaa, kisha tia maji mapya. Toka yai hadi mbu arukaye huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo, kwa hiyo ukifuata siku hizo tatu hatapata nafasi. Maji uliyoyamwaga yamwagie mchicha.

Baada ya siku chache, mara nyingi hata wiki haijaisha, utaona vinundu vyeupe kwenye vifundo. Hiyo ni mizizi. Subiri ifikie urefu wa kidole gumba, kama wiki mbili hivi tangu siku ya kwanza. Usingoje iwe ndevu ndefu zilizojaa chupa. Mizizi ya majini ni laini, hukatika upesi, na ikizidi kuzoea maji hupata taabu udongoni. Tena maji hayana chakula. Rando likikaa miezi humo litaishi, lakini litakonda.

Hapo sasa toa rando, lipande katika ndoo iliyotoboka au kiroba chenye udongo na samadi iliyooza. Chimba shimo kwa kidole, laza mizizi taratibu, funika, gandamiza kidogo, mwagilia. Wiki ya kwanza udongo usikauke hata siku moja, na kiroba kikae kivulini. Baada ya hapo kisogeze juani polepole. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kumwagilia. Ya sabuni nyingi usiyatumie.

Mzee mmoja pale nyuma ataniuliza: kwa nini nisichomeke rando moja kwa moja kwenye kiroba, chupa ya nini? Ni swali la haki. Wakati wa mvua usihangaike na chupa. Chomeka udongoni moja kwa moja, kama mnavyofanya siku zote. Chupa ni ya kiangazi. Kiangazi, rando lisilo na mizizi likikosa maji siku moja tu ndani ya kiroba, limekwisha. Ndani ya chupa halikauki. Na tena unaona kwa macho lipi limeota na lipi limekufa, ukapanda yaliyo hai tu.

Sasa chukueni daftari tufanye hesabu. Tuseme marando 10 yameota, umeyapanda katika viroba mwezi Julai. Baada ya miezi miwili yametambaa. Tuseme kila moja unalikata vipande vinne. 10 mara 4 ni 40. Hivyo 40 unavipanda katika kitalu kidogo karibu na mahali pa kuogea, penye unyevu. Katikati ya Novemba unakata tena vinne vinne: 40 mara 4 ni 160. Tukipanda kwa nafasi ya sentimita 30, marando 160 yanajaza tuta lenye urefu wa mita 48. Yaani matuta sita ya mita nane kila moja.

Je, hiyo ni ekari? Siyo. Ekari moja, matuta yakiachana mita moja, inataka marando zaidi ya 13,000. Sitaki mtu aende nyumbani akidhani chupa tatu zitajaza shamba. Zitakupa matembele ya watoto, zitakupa matuta sita ya kwanza kabla jirani hajapata mbegu, na katika hayo matuta utaendelea kukata. Anayetaka mbegu nyingi zaidi achague viazi vidogo vizima visivyo na tundu la fukusi, avihifadhi ndani ya beseni la mchanga mkavu tangu mavuno, kisha wiki sita hadi nane kabla ya mvua avipande kwenye kitalu na kuvimwagilia. Kiazi kimoja huchipua marando mengi. Habari hiyo Bwana Shamba ataieleza vizuri kuliko mimi, nimekwisha mwomba.

Mengine yanayoota katika chupa? Nanaa huota upesi. Mrehani pia, na mchaichai ukiwa na kitako chake. Muhogo usiutie majini: pingili zake zinakwenda udongoni, na kiangazi miti yake husimamishwa kivulini. Mwembe na mparachichi msijaribu, mtabadilisha maji bure. Hiyo ni miti ya kubebeshwa.

La mwisho ni la kalamu. Kila chupa ibandikwe karatasi, uandike tarehe ya kutia marando na aina ya kiazi: "Tarehe 5 Julai, Kabode." Kwa herufi zako mwenyewe. Ukiwa na chupa tatu za aina tatu, baada ya wiki mbili marando yote yanafanana, na kichwa kinasahau. Kila ukibadilisha maji, weka alama ya mstari kwenye karatasi.

Jumatano ijayo saa tisa tutakutana hapa hapa. Kila mtu aje na rando moja alilolichagua mwenyewe, chupa moja na kipande cha karatasi. Tutapeana marando tuyakague majani, na mwenye rando la manjano asione haya kulileta, maana tunalihitaji ili wote tulione. Maji yatakuwepo. Atakayekuwa na wembe au kisu kikali naomba aje nacho.